Vimeng'enya kwenye chakula cha vifaranga na watoto wa nguruwe: kuchagua, kupima na kuchanganya

Faitezi, kimeng'enya kinachofungua fosforasi ya nafaka, inayotosha kilo 100 za chakula cha vifaranga ni kama gramu 10, yaani kijiko kimoja cha mezani. Kifaranga wa wiki ya kwanza anakula takriban gramu 20 kwa siku, na ndani ya gramu hizo 20 inatakiwa ziwemo miligramu 2 za unga huo. Ukichanganya vibaya, mmoja anapata mara tano na mwenzake hapati kitu. Wafugaji wengi wa Dar es Salaam wanaosema "nimeweka, sijaona tofauti" wamekwama hapo, au wameweka kimeng'enya ambacho chakula chao hakina kazi nacho. Yote mawili yanarekebishika, tena kwa gharama ndogo.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Kimeng'enya si dawa, ingawa madukani kinauzwa rafu moja na dawa na watu wanakiita hivyo hivyo. Hakiui minyoo wala koksidia (vimelea vya utumbo), na hakizuii kideri. Kazi yake ni kukata kile ambacho tumbo la mnyama haliwezi kukikata lenyewe, ili kifyonzwe juu, kwenye utumbo mwembamba, kisishuke chini kuwa karamu ya bakteria.

Kwa wadogo hilo lina uzito zaidi. Kongosho la kifaranga bado linatoa vimeng'enya vichache, na vile vijidole vya ukuta wa utumbo vinavyofyonza chakula vinarefuka kwa kasi katika siku 7 hadi 10 za mwanzo, tena vinarefuka kwa sababu chakula kinapita. Mtoto wa nguruwe ana lake. Anaponyonya, bakteria wazuri tumboni wanageuza sukari ya maziwa kuwa asidi, na asidi hiyo ndiyo ulinzi wake. Ukimwachisha, maziwa yanakatika ghafla, tumbo lake lenyewe bado halitoi asidi ya kutosha, na siku hiyo hiyo unamwekea mahindi na soya. Mara nyingi anagoma kula siku moja au mbili, vijidole vya utumbo vinasinyaa, kisha njaa inamzidi anabugia. Protini isiyomeng'enywa inashuka, E. koli wanaipokea, na unaona mharo.

Chagua kwa kuangalia magunia yako

Kabla ya kwenda dukani, simama stoo uangalie umenunua nini. Kila kimeng'enya kina kitu chake cha kukata, na kitu hicho kisipokuwepo umenunua unga wa kutia moyo.

Faitezi (kwenye lebo jina linaanza na herufi ph) ndiyo ya kwanza kwa karibu kila mfugaji. Kama theluthi mbili ya fosforasi iliyomo kwenye nafaka, pumba na mashudu imefungwa ndani ya faiteti, na kuku na nguruwe hawana uwezo wa kutosha wa kuifungua. Faiteti hiyo hiyo inashika zinki, kalsiamu na sehemu ya protini. Pumba za mpunga na mashudu ya alizeti ni kati ya vitu tunavyotumia vyenye faiteti nyingi.

Zailanezi (kwenye lebo inaanza na x) inakata nyuzinyuzi za pumba. Kazi yake kubwa iko kwenye pumba za ngano, kisha za mpunga na za mahindi. Nyuzinyuzi za ngano zinazoyeyuka hufanya uji wa utumboni uwe mzito na wa kunata, chakula kinakwenda polepole, kinyesi kinagandia mkunduni. Kama mchanganyiko wako ni mahindi na soya na una kilo 2 tu za pumba kwa 100, zailanezi haitakulipa sana. Ukipita kilo 10, inaanza kulipa.

Betaglukanezi ni ya shayiri na machicha ya bia. Usipotumia machicha, iache.

Protiezi inasaidia kumeng'enya protini ya soya na ya dagaa wa daraja la kati. Haiokoi soya mbichi. Soya isiyokaangwa ina kizuizi kinachofunga vimeng'enya vya kongosho la mnyama mwenyewe, na dawa yake ni moto wa kutosha tu. Soya iliyokaangwa sawasawa ina rangi ya kahawia hafifu hadi ndani na haina ile ladha ya uchungu wa maharage mabichi ukiitafuna. Itafune kweli, usiogope.

Kuna vitu ambavyo hakuna kimeng'enya cha kuviokoa. Pumba za mpunga zilizojaa maganda ni mfano: ganda la mpunga limejaa silika, linakwangua utumbo na halina chakula. Chukua pumba kiganjani, zisugue, puliza polepole. Maganda ndiyo yanayoruka na kuchoma vidole. Harufu ya mafuta yaliyochacha ni sababu nyingine ya kuliacha gunia pale pale sokoni. Mashudu ya pamba usimpe kifaranga wala mtoto wa nguruwe kwa sababu ya gosipoli, sumu ya asili ya mbegu za pamba. Na mahindi yenye kuvu hayasafishwi na faitezi wala zailanezi. Sumukuvu inaharibu ini na kudhoofisha kinga, na mnyama anakua kwa shida hata chakula kikiwa kizuri namna gani. Nunua mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13, na wakati wa masika usiyalaze sakafuni.

Dagaa: weka konzi moja kwenye glasi ya maji, koroga, acha dakika mbili. Mchanga unatua chini. Ukiona tabaka la mchanga, ujue umelipia ufukwe kwa bei ya protini.

Kusoma lebo na kupiga hesabu

Nguvu ya faitezi inaandikwa kwa FTU kwa gramu. Kipimo cha kawaida cha kuanzia ni FTU 500 kwa kila kilo ya chakula. Hesabu inakwenda hivi: kilo 100 zinahitaji FTU 50,000. Bidhaa ikiwa na FTU 5,000 kwa gramu, gawanya, unapata gramu 10. Ikiwa na FTU 10,000 kwa gramu, ni gramu 5. Usikariri "gramu kumi" kutoka kwa jirani. Mwenzako huenda ana bidhaa yenye nguvu tofauti.

Vipimo vya zailanezi na protiezi haviwezi kulinganishwa kati ya kiwanda na kiwanda, kwa kuwa kila mtengenezaji anapima kwa njia yake. Namba kubwa kwenye pakiti moja haimaanishi nguvu zaidi ya namba ndogo kwenye nyingine. Hapo fuata gramu kwa tani alizoandika mtengenezaji.

Nunua pakiti iliyofungwa kiwandani, yenye tarehe ya mwisho na namba ya toleo. Unga unaopimwa kwa kijiko kutoka kwenye ndoo iliyo wazi, ndani ya duka la bati, Januari, unaweza kuwa umekwisha nguvu kabla hujatoa hela. Joto na unyevunyevu ndivyo vinavyoua vimeng'enya, na mji wetu una vyote viwili karibu mwaka mzima. Ukifika nyumbani, weka pakiti kwenye kopo linalobana, sehemu yenye kivuli iliyo baridi kuliko zote. Ukiweka kwenye friji, toa kopo uliache lifikie joto la chumba ndipo ufungue. Ukilifungua likiwa baridi, jasho la hewa linaingia ndani na unga unashikana mabonge. Usiuchanganye na primiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) ukauhifadhi pamoja kwa miezi, kwa sababu madini na kolini vinaula taratibu. Changanya siku ya kutengeneza chakula.

Punguza DCP, la sivyo hujaokoa kitu

Hili ndilo wengi wanaliruka. FTU 500 kwa kilo hufungua fosforasi ya kama asilimia 0.1 ya chakula. Kwa tani moja hiyo ni kilo moja ya fosforasi, na kwa DCP (unga wa madini ya kalsiamu na fosforasi) yenye fosforasi asilimia 18 ni sawa na kilo 5 na nusu za DCP. Kwa kilo 100, basi, unaweza kupunguza nusu kilo. Ukiweka faitezi na DCP ukaiacha kama zamani, kuku wako hataona jipya kwa upande wa mifupa, na wewe umeongeza gharama.

Chokaa nayo ina mipaka. Kalsiamu ikizidi inajishikiza kwenye faiteti na kuifanya ngumu kukatwa, tena inapunguza asidi ya tumbo ambako faitezi inafanyia kazi. Kwa vifaranga wa nyama lenga kalsiamu ya asilimia 0.9 hadi 1, kwa watoto wa nguruwe 0.7 hadi 0.8. Kifaranga kamwe asipewe chakula cha kuku wanaotaga: kalsiamu yake ni karibu mara nne ya anayohitaji, na figo zinaumia.

Mfano wa kilo 100 za stata (chakula cha mwanzo) ya broila, yaani kuku wa nyama, yenye protini ya kama asilimia 21:

mahindi yaliyoparazwa kilo 59
soya iliyokamuliwa, protini asilimia 45, kilo 30
dagaa wa kusaga, wasio na mchanga, kilo 5
pumba za ngano kilo 2
mafuta ya kula kilo 1
DCP kilo 1 (bila faitezi ingekuwa 1.5, ukipunguza mahindi nusu kilo)
chokaa kilo 1.1
chumvi gramu 250
primiksi ya broila gramu 300, au kadiri ya lebo yake
methionini (kijenzi cha protini) gramu 200
laisini (kijenzi kingine cha protini) gramu 150
faitezi gramu 10, ikiwa ni ya FTU 5,000

Kuchanganya bila mashine

Unahitaji mzani mdogo wa kidijitali unaosoma gramu moja moja, beseni, chekeche la unga, turubai safi na beleshi. Mzani wa kilo wa dukani hauoni gramu 10.

Pima faitezi. Iweke kwenye beseni na gramu 100 za unga laini wa mahindi uliochekechwa, koroga kwa mkono mkavu hadi usione mstari wa rangi. Ongeza gramu 400 za unga, koroga tena. Sasa weka primiksi, methionini, laisini na chumvi, ongeza unga hadi ufike kilo 5 hivi, na upitishe wote kwenye chekeche mara mbili. Unga huu wote utoe kwenye zile kilo 59 za mahindi, usiuongeze juu yake. Kuchekecha ndiko kunakovunja vibonge, na kibonge kimoja cha methionini au chumvi kwa kifaranga si mzaha.

Kwenye turubai mwaga mahindi kwanza, yatandaze yawe bapa, kisha soya, kisha pumba, dagaa, DCP na chokaa, kila kimoja tabaka lake. Mchanganyiko wa beseni unyunyize juu kama unavyonyunyizia ukwaju kwenye mihogo, usimwage sehemu moja. Hamisha lundo lote kwa beleshi kutoka upande mmoja wa turubai kwenda mwingine, ukimimina kila beleshi juu ya kilele ili lishuke pande zote. Rudia safari sita. Mafuta yawe ya mwisho, yakiwa yamechanganywa na kilo mbili za pumba na mahindi ulizozibakiza pembeni. Yakitangulia, yanashika unga wa faitezi na kutengeneza madonge.

Njia rahisi ya kujipima: safari moja weka kwenye beseni kijiko cha rangi ya chakula au mkaa uliosagwa laini badala ya kimeng'enya, changanya kilo 20 za pumba kwa mtindo wako, kisha chota sehemu tano tofauti uziweke kwenye karatasi nyeupe. Rangi zikitofautiana, mtindo wako unahitaji safari zaidi.

Ukipeleka chakula kwenye mashine ya peleti (chembe za chakula kilichobanwa), uliza moto. Ukipita nyuzi 80 hadi 85 za selsiasi, vimeng'enya vya kawaida vinakufa. Tafuta vilivyofunikwa kwa ajili ya joto, au nunua vya maji vinavyopulizwa baada ya peleti kupoa. Ukisaga mahindi ya vifaranga, usiyafanye unga wa ugali. Chenga ndogo zinaifanyisha firigisi kazi, na firigisi yenye nguvu inakibakiza chakula kwenye asidi muda wa kutosha, mahali ambapo faitezi inafanya kazi vizuri. Nguruwe anataka iliyosagwa laini zaidi ya ya kuku, lakini ikiwa vumbi, vidonda vya tumbo vinakaribia.

Watoto wa nguruwe: wiki mbili zinazoamua

Anza kuwaonjesha chakula wakiwa na siku 10, konzi moja kwenye sahani pana mara tatu nne kwa siku, na mabaki mpe mama yao. Waachishe kati ya siku 35 na 42 kama mama ana maziwa na afya. Siku ya kuwaachisha mwondoe mama, watoto wabaki kwenye banda wanalolijua, na chakula kisibadilike kwa siku 7 hadi 10 zaidi.

Mchanganyiko wao uwe na protini asilimia 18 hadi 20, isizidi. Protini nyingi inayozidi uwezo wa tumbo ndiyo chakula cha E. koli. Kwa kilo 100: mahindi 58, soya 22, dagaa 6, pumba za ngano 6, maziwa ya unga 4, mafuta 1, DCP gramu 600, chokaa gramu 600, chumvi gramu 300, primiksi ya nguruwe gramu 300, laisini gramu 200, na asidi ya sitriki kilo 1, ile ya chengachenga nyeupe wanayotumia watengeneza juisi. Asidi hii inaziba pengo lililoachwa na maziwa. Faitezi FTU 500 kwa kilo kama kwa kuku. Chokaa usiiongeze kwa kukadiria: kila konzi inakula asidi uliyoinunua.

Siku tatu za kwanza gawa chakula kidogo kidogo mara tano au sita. Kilichobaki baada ya nusu saa kitoe. Ukijaza hori, atakayebugia leo ndiye atakayeharisha keshokutwa.

Pumba za ngano zina faitezi yake ya asili, tofauti na mahindi na soya. Loweka chakula kwa maji ya uvuguvugu, kilo moja kwa lita mbili, kwa muda wa saa nne hadi sita, na sehemu ya faiteti itakatika kabla hakijafika mdomoni. Kwa joto la Dar usikilaze usiku kucha. Kikiota povu na harufu kali, mwaga.

Wanaotumia makombo ya hoteli na mama ntilie: yachemshe yatokote dakika 30 kamili, kwa sababu virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika vinasafiri ndani ya mabaki ya nyama ya nguruwe, na ugonjwa huo hauna tiba. Vimeng'enya viingie makombo yakishapoa kiasi cha mkono kutulia ndani bila kuungua. Na hayo ni ya wakubwa; aliyeachishwa juzi asipewe, chumvi na mafuta yake yatamharisha.

Kinyesi kinasema nini

Kifaranga mwenye afya anatoa kinyesi kilichoshikana chenye kofia nyeupe. Kila mara nane au kumi atatoa kimoja cha kahawia kinachonata kama chokoleti iliyoyeyuka. Hicho kinatoka kwenye mifuko miwili ya mwisho wa utumbo, si ugonjwa, usikimbilie duka la dawa. Povu, utelezi wa rangi ya chungwa, au chenga za mahindi zinazoonekana wazi maana yake chakula kinapita bila kumeng'enywa. Damu ni koksidia hadi ithibitike vinginevyo. Muite mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo.

Kwa nguruwe, chukua kinyesi kiasi cha ngumi, kiweke kwenye chujio la chai lililostaafu, kioshe kwa maji taratibu. Kinachobaki ndicho ulichonunua kikapita bure. Ukiona vipande vikubwa vya mahindi, tatizo ni usagaji. Ukiona maganda matupu ya pumba, hapo zailanezi ina kazi.

Saa 24 baada ya vifaranga kufika, papasa gole (mfuko wa chakula chini ya shingo) kwa vidole viwili. Kati ya 20, angalau 19 wawe na gole lililojaa, laini kama uji mzito. Gole gumu ni uhaba wa maji; tupu ni baridi, joto kali, au vyombo vichache. Bila kurekebisha haya, pesa ya vimeng'enya ihifadhi.

Wiki ya pili au ya tatu wakianza kukalia magoti, shika mdomo wa juu uubonyeze pembeni. Ukipinda kama mpira, fosforasi, kalsiamu au vitamini D imepungua. Kama ulikuwa umepunguza DCP, rudisha ile nusu kilo leo, kisha uichunguze faitezi yako.

Maranda yakilowa, onja maji kabla ya kulaumu chakula. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na kuku anayekunywa chumvi anakunywa zaidi na kuharisha maji. Peleka maji na sampuli ya chakula kwa Wakala ya Maabara ya Veterinari pale Temeke. Sampuli ya chakula ichotwe sehemu kumi tofauti, ichanganywe, upeleke nusu kilo, na nusu kilo nyingine uihifadhi kwa ushahidi.

Kujaribu kabla ya kuamini

Gawa vifaranga 100 wa toleo moja mafungu mawili, banda moja, kizuizi katikati. Fungu moja lile stata ya zamani, la pili yenye faitezi na DCP iliyopunguzwa. Pima 20 kila upande siku ya kwanza, ya 7, ya 14 na ya 21, na andika kila kilo ya chakula inayoingia. Siku ya 7 broila awe angalau mara nne ya uzito aliokuja nao. Wa gramu 42 afike 168. Gawanya gharama ya chakula kwa kilo za uzito zilizoongezeka, kila fungu kivyake. Mafungu yakilingana kwa uzito, huku lenye faitezi likiwa limetumia shilingi chache kwa kilo, imelipa. Yote mawili yakiwa chini ya gramu 150 siku ya 7, acha kwanza habari ya vimeng'enya, rudi kwenye joto la bruda (mahali pa kulelea vifaranga), maji na soya.